Kusoma Alama za Kikristo katika Michongo ya Albrecht Dürer

Mada ya mazungumzo haya ni alama za Kikristo katika picha za kuchonga, yaani zile picha ambazo huchongwa kwanza kwenye ubao au kwenye bamba la shaba, hupakwa wino, kisha hupigwa chapa kwenye karatasi. Ndani ya picha hizo mna fuvu la kichwa lililokaa dirishani. Mna simba anayesinzia kwenye sakafu ya chumba cha mwanazuoni. Mna kima aliyefungwa mnyororo miguuni pa Bikira Maria. Je, vitu hivyo vinatafuta nini mle? Nani aliviweka, na watu walionunua picha hizo walivielewaje?

Uwanja huo ni mpana, na anayetaka kuupitia wote kwa kipindi kimoja atarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mazungumzo yanamfuata fundi mmoja, Albrecht Dürer wa mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1471 na kufariki mwaka 1528. Hakuna mchongaji wa zama zake aliyeweka imani, elimu na ufundi pamoja kwenye kipande kidogo cha karatasi kwa kiwango chake.

Na kuna neno moja la kushika tangu sasa, maana litarudiwa tena na tena: alama haisemi ikiwa peke yake. Maana yake hutolewa na majirani zake ndani ya picha. Anayetaka kusoma alama aangalie kwanza imekaa wapi, na imekaa na nani.

Tuanze na kazi yenyewe, kazi ya mikono. Dürer alikuwa mtoto wa sonara. Alianza kujifunza karakanani kwa baba yake, akazoea kukata mistari kwenye madini kabla ya mwaka 1486, alipoingia uanagenzi kwa mchoraji Michael Wolgemut. Baba yake wa ubatizo alikuwa Anton Koberger, mpiga chapa mkubwa wa vitabu pale Nuremberg. Mtoto huyo, basi, alikulia kati ya usonara upande mmoja na mitambo ya chapa upande wa pili. Picha za kuchonga zilizaliwa mahali hapo hapo ambapo kazi hizo mbili zinakutana.

Njia za kuchonga zilikuwa mbili kubwa. Njia ya kwanza ni ya ubao. Fundi huondoa mbao kandokando ya mstari, akauacha mstari wenyewe umesimama, kama afanyavyo mchonga milango wa Unguja au Lamu anapotaka ua litokeze. Wino hushika pale palipoinuka. Njia ya pili ni ya shaba, nayo huenda kinyume. Mchongaji husukuma chuma chembamba chenye ncha kali, akakata mfereji ndani ya bamba. Wino hupakwa bamba zima, halafu hufutwa juu, ukabaki ule tu ulioingia mferejini. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, vyote viwili vikapitishwa kwenye mtambo wa kubana, na karatasi ikauvuta wino kutoka ndani. Picha hutoka imegeuka: kilichokuwa kulia kimehamia kushoto. Ndiyo maana hata mwaka na herufi za jina, A na D, Dürer alilazimika kuzichonga kinyumenyume ili zisomeke sawasawa kwenye karatasi.

Kwa nini maelezo haya ya ufundi katika mazungumzo ya alama? Kwa sababu ya rangi. Mchoraji wa rangi ana msaada mkubwa: joho la buluu humtambulisha Maria, dhahabu huleta mbingu, nyekundu hukumbusha damu ya mashahidi wa dini. Mchongaji hana hata moja kati ya hizo. Ana weusi wa wino na weupe wa karatasi, basi. Mzigo wote wa maana huangukia vitu vyenyewe, umbo lake, mahali pake na mwanga unaovipiga. Katika mchongo wa shaba kitu kidogo kabisa pembeni mwa picha kiligharimu saa za kukata mstari kwa mstari, na vigumu kuamini kwamba fundi aliyemaliza kazi ya namna hiyo alimweka panya au mjusi kwa bahati tu.

Waliozinunua walikuwa nani? Hapa pana jambo la kufurahisha. Mchoro wa rangi wa altareni ulikuwa mali ya kanisa au ya tajiri mmoja. Karatasi ya chapa ilitoka kwa nakala nyingi, na ilikuwa nyepesi kusafirishwa. Dürer alimwoa Agnes Frey mwaka 1494, na mke huyo ndiye aliyebeba picha za mumewe na kuziuza kwenye masoko makubwa kama lile la Frankfurt. Mtu wa kawaida aliweza kuondoka na picha, akaibandika ukutani au ndani ya jalada la kitabu chake cha sala. Mfano wa zamani unaojulikana sana ni picha ya ubao ya Mtakatifu Kristofa ya mwaka 1423, iliyopatikana imebandikwa kwenye jalada la kitabu kutoka monasteri ya Buxheim, na ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester. Maandishi yaliyo chini yake yanamwahidi mtazamaji kwamba siku atakayoutazama uso wa Kristofa hatafikwa na kifo kibaya. Picha ya namna hiyo ilikuwa kinga na sala kwa wakati mmoja, wala haikukusudiwa kuwa pambo la ukuta.

Na alama zilichotwa wapi? Kisima cha kwanza ni Biblia. Kisima cha pili ni visa vya watakatifu, hasa mkusanyo wa Jacobus de Voragine wa karne ya 13, uliosomwa kote Ulaya. Kisima cha tatu ni vitabu vya wanyama, ambamo kila kiumbe alipewa funzo: mwari, kwa mfano, aliaminiwa kujitoboa kifua ili awalishe makinda kwa damu yake, na kwa hiyo akawa alama ya Kristo.

Kutoka visima hivyo zilipatikana alama za kutambulisha watu, na hizo ni nyepesi. Mwenye funguo ni Petro. Mwenye gurudumu ni Katarina wa Aleksandria, mwenye chanja cha chuma ni Laurenti, mwenye mnara ni Barbara. Wainjilisti wanne nao wana viumbe vyao: mtu wa Mathayo, simba wa Marko, ng'ombe wa Luka na tai wa Yohana, vyote vikitokana na maono ya Ezekieli na ya kitabu cha Ufunuo. Alama za aina hii hufanya kazi ya jina. Ukishamtambua mtakatifu, kazi imekwisha.

Alama za aina ya pili ndizo zinazohitaji subira. Tuzitazame katika picha tatu, moja baada ya nyingine.

Picha ya kwanza ni Adamu na Hawa, mchongo wa shaba wa mwaka 1504. Haizidi ukubwa wa ukurasa wa daftari. Adamu amesimama kushoto, Hawa kulia, miili yao myeupe mbele ya msitu mweusi. Dürer alikuwa amesoma kwa miaka vipimo vya mwili wa binadamu na sanamu za kale za Warumi, akataka kuonyesha miili mikamilifu kabisa, kama ilivyotoka mikononi mwa Muumba. Nyoka amejizungusha kwenye mti ulio katikati na anampa Hawa tunda kwa mdomo wake. Hawa analipokea kwa mkono mmoja, na mkono wake wa pili umeficha tunda lingine nyuma. Adamu ameshika tawi la mti mwingine, ambalo juu yake ametua kasuku. Wafafanuzi wengi huuona mti huo wa Adamu kuwa mti wa uzima, na mti wa nyoka kuwa ule wa ujuzi wa mema na mabaya. Kwa hiyo Adamu bado anashikilia uzima kwa mkono wake. Bado hajauachia.

Sasa macho yashuke chini, miguuni. Kuna paka amejikunja mbele ya miguu ya Hawa, na kuna panya karibu na mguu wa Adamu. Paka hamrukii panya. Nyuma yao wako ng'ombe dume, sungura na kulungu mkubwa wa misitu ya baridi. Kwa nini wanyama hawa na si wengine?

Jibu linalokubaliwa na wengi lilielezwa na mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky katika kitabu chake cha mwaka 1943 juu ya Dürer. Waganga wa zama hizo walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Likizidi mojawapo, mtu hupata tabia fulani na maradhi fulani. Na wanyama wanne wa picha hii wanabeba tabia hizo nne: kulungu ni huzuni ya nyongo nyeusi, sungura ni ashiki ya damu, paka ni ukali wa nyongo ya manjano, ng'ombe ni uzito wa kohozi. Wanatheolojia nao walifundisha kwamba kabla ya dhambi majimaji hayo yalikuwa sawasawa ndani ya Adamu, ndiyo maana hakuugua wala hakupaswa kufa. Dhambi ilivunja mizani hiyo.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoungana. Miili mikamilifu, wanyama wanne waliotulia, paka asiyemgusa panya: vyote vinasema kwamba dhambi bado haijatendwa. Lakini tunda liko mkononi. Kitambo kidogo tu, paka ataruka. Hapa Dürer hakuchonga malaika mwenye upanga wala Adamu anayelia. Aliuweka msiba wote wa kitabu cha Mwanzo ndani ya umbali wa hatua moja kati ya paka na panya. Na juu kabisa, pembeni, kwenye ukingo wa jabali, amesimama mbuzi wa mwituni, mnyama ambaye hatua moja mbele yake ni shimo.

Hapo neno la mwanzo linaonekana waziwazi. Paka peke yake ni paka. Paka aliyelala karibu na panya, chini ya miguu ya mwanamke anayepokea tunda, ni mwisho wa amani ya bustani.

Kabla ya kufika kwenye picha ya pili inafaa kupita haraka kwa yule kima aliyetajwa mwanzoni. Yumo katika mchongo wa Dürer wa karibu mwaka 1498, Maria ameketi na Mtoto Yesu, na kima amefungwa mnyororo karibu nao. Kima katika fikra za Ulaya ya wakati huo alisimama mahali pa tamaa ya mwili na pa mtu aliyepotoka asili yake. Lakini huyu amefungwa. Kwa kuwa Maria aliitwa na Wakristo Hawa mpya, mtazamaji alielewa kwamba kilichofunguliwa na Hawa wa kwanza, hapa kimewekwa kifungoni. Bila mnyororo, picha ingesema jambo jingine kabisa.

Picha ya pili, wasikilizaji, ni ya mwaka 1513. Leo huitwa Mpanda Farasi, Kifo na Ibilisi, ingawa Dürer mwenyewe aliiita Mpanda Farasi tu. Askari aliyevaa deraya nzito anapita kwenye bonde jembamba lenye giza. Farasi wake ni mnyama wa fahari, mwenye misuli iliyochongwa kwa namna ya sanamu kubwa za Italia. Kando yake Kifo amepanda farasi dhaifu aliyeinamisha kichwa. Nyoka wamemzunguka Kifo kichwani na shingoni, na mkononi anainua saa ya mchanga, amwonyeshe msafiri kwamba muda unakwisha. Nyuma anafuata Ibilisi mwenye pua ya nguruwe na pembe. Chini, mbwa anakimbia sambamba na bwana wake, na mjusi anakimbia kuelekea upande wa kinyume. Juu ya kisiki kuna fuvu. Mbali kabisa, kileleni, kuna ngome.

Askari anafanya nini? Hatazami kulia wala kushoto. Hiyo ndiyo picha. Uso wake uko mbele, farasi anatembea hatua za taratibu, wala hakuna upanga uliochomolewa dhidi ya Ibilisi.

Msomaji wa Biblia hukumbuka hapa sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, ambako muumini anaambiwa avae silaha za Mungu, na pia Zaburi ya 23 yenye bonde la giza. Kulikuwa pia na kitabu cha Erasmus wa Rotterdam juu ya askari Mkristo, kilichochapishwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 16, na wasomi wengi wanaona uhusiano kati ya kitabu hicho na mchongo huu. Uhusiano huo una nguvu, kwa sababu mwaka 1521, Dürer aliposikia uvumi kwamba Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, amekamatwa, aliandika katika kumbukumbu zake za safari akimwita Erasmus ajitokeze apande farasi kama askari wa Kristo. Kwa usomaji huo, mbwa ni uaminifu unaofuatana na imani, ngome ya kileleni ni mwisho wa safari, na Kifo na Ibilisi ni vitisho ambavyo mwenye imani hupita kando yake bila kuvishughulikia.

Hata hivyo kuna usomaji mwingine. Mkuki wa askari umefungwa mkia wa mbweha, na mbweha ni mnyama wa hila. Ujerumani ya siku hizo ilijaa mabwana wa farasi waliowavizia wafanyabiashara njiani na kuwanyang'anya mali. Baadhi ya wasomi wamesema huyu ni mmoja wao, mnyang'anyi aliyezeeka katika uovu, na Kifo na Ibilisi ni wenzake wa safari wanaomsubiri. Je, usomaji upi una haki?

Uzito wa picha nzima unaegemea ule wa kwanza. Mkia wa mbweha ni kitu kimoja; umezungukwa na farasi aliyechongwa kwa fahari yote, mbwa mwaminifu, ngome iliyo kwenye nuru, na uso usioyumba. Majirani zake wanaushinda. Hata hivyo mkia huo haufai kufumbiwa macho, na msomaji mwaminifu huuacha pale ulipo, ukiwa doa ambalo picha haikulifuta. Huenda Dürer alitaka askari wake awe mtu wa dunia hii, mwenye vumbi la barabara zilezile walizopita wanyang'anyi.

Yapo matumizi mabaya ya picha hii ambayo lazima yatajwe. Karne ya 19 na ya 20, wazalendo wa Kijerumani walimtoa askari huyu kwenye bonde lake wakamfanya shujaa wa taifa, na Wanazi wakaendeleza hivyo hivyo. Walichukua deraya na farasi, wakaacha saa ya mchanga, fuvu na msingi wa Maandiko. Alama iliyong'olewa kutoka kwa jirani zake hutumikia bwana yeyote anayeiokota. Hilo lilitokea kweli, na lilifanywa kwa picha ya muumini anayejiandaa kufa.

Picha ya tatu ni ya mwaka uliofuata, 1514: Mtakatifu Jeromu chumbani mwake. Baada ya baridi na giza la bonde, hapa mtazamaji anaingizwa katika chumba cha mbao chenye joto. Jua la mchana linapita kwenye vioo vya duara vya dirisha na kumwaga vivuli vya miviringo kwenye ukuta. Kwenye kona ya ndani mzee ameinama juu ya meza anaandika. Huyo ndiye Jeromu, aliyefariki mwaka 420 huko Bethlehemu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini. Kichwa chake kimezungukwa na nuru, na nuru hiyo ni weupe wa karatasi tupu. Hakuna wino uliopita hapo.

Mbele kabisa, sakafuni, wamelala mbwa na simba. Kisa cha simba kilijulikana na kila mtu: Jeromu alimtoa mwiba mguuni, naye simba akakaa monasterini akawa mpole. Wanahistoria hueleza kwamba kisa hicho kilisimuliwa kwanza juu ya abate mwingine, Gerasimo wa mto Yordani, kikahamia kwa Jeromu. Lakini mbele ya mchongo huu swali la msingi ni hili: simba huyu anasema nini hapa? Simba wa Marko ni sauti ya Injili. Simba wa Waraka wa Kwanza wa Petro ni shetani anayezunguka akitafuta mawindo. Mnyama ni mmoja, maana ni mbili zinazopingana. Huyu wa Jeromu amewekwa pamoja na mbwa wa nyumbani, ubavu kwa ubavu, macho yanafumba kwa usingizi. Huyu ni ukali uliopatanishwa. Kilichovunjika kati ya paka na panya mwaka 1504, hapa kimeungwa tena katika chumba cha mtu anayelifanyia kazi neno la Mungu.

Mezani pana msalaba mdogo wenye sanamu ya Kristo. Dirishani pana fuvu. Vitu hivi viwili havikuwekwa ovyo. Mtu akivuta mstari kutoka kichwa cha Jeromu, akaupitisha kwenye msalaba, mstari huo unakwenda kuishia kwenye fuvu. Jeromu akiinua macho kutazama kifo chake, atakiona kupitia msalaba. Somo zima la Wakristo juu ya kifo na wokovu limewekwa katika mpangilio wa vitu vitatu, bila neno hata moja kuandikwa. Katika picha zote za Dürer, hapa ndipo ufundi na imani yake vilipokaribiana kuliko popote.

Vingine vipo kwa wingi. Ukutani nyuma ya mzee kuna saa ya mchanga, ile ile iliyokuwa mkononi mwa Kifo mwaka mmoja nyuma. Kule ilikuwa tishio. Huku inapima saa za kazi. Kuna kofia pana ya kardinali iliyotundikwa, ingawa wakati wa Jeromu heshima ya kofia hiyo haikuwapo. Dürer alifuata desturi ya wachoraji waliomkumbuka Jeromu kama msaidizi wa Papa Damaso. Kutoka darini linaning'inia tunda kubwa la jamii ya mumunye, ambalo wengi hulihusisha na mmea uliompa nabii Yona kivuli na kukauka kwa usiku mmoja. Na chini ya benchi kuna viatu vya nyumbani vya yule mzee. Je, viatu navyo ni alama? Hapana lazima. Si kila kitu katika picha ya dini kinabeba siri, na wapo wafasiri waliopotea kwa kudai maana kwa kila msumari. Viatu vinafanya chumba kiwe chumba cha mtu. Bila viatu hivyo na bila matakia na vitabu, fuvu na msalaba vingekuwa mahubiri makavu.

Mwaka huo huo wa 1514 Dürer alichonga pia Melencolia I, picha maarufu ya yule mwenye mbawa aliyeketi amezungukwa na vyombo vya kazi visivyotumika. Hiyo si picha ya dini kwa maana ya moja kwa moja, na ina maelezo yake marefu, kwa hiyo mazungumzo haya yanaiacha.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1517, Luther alitoa hoja zake za kulikosoa Kanisa, na alama za Kikristo zikaingia katika mabishano. Mwaka 1521 Lucas Cranach, mchoraji wa Wittenberg, alitoa picha 26 za ubao zilizopangwa mbilimbili: upande mmoja Kristo anawaosha wanafunzi miguu, upande wa pili Papa anabusiwa miguu yake, huku Kristo amevikwa taji la miiba, kule Papa ana taji lake la ngazi tatu. Hapo ujirani wa alama umegeuzwa kuwa silaha, na mpangilio wenyewe ndio hoja. Ni kazi yenye nguvu, ila inampa mtazamaji hukumu iliyokwisha tolewa, jambo ambalo Dürer hakulifanya.

Yeye mwenyewe aliyapenda mafundisho ya Luther, lakini aliyasema kwa sauti ya chini. Katika picha yake ya ubao ya Karamu ya Mwisho, ya mwaka 1523, Yuda ameshatoka na wanafunzi waliobaki ni 11. Mezani kuna kikombe. Sakafuni kuna sahani kubwa, tupu kabisa, na kando yake mkate na chombo cha divai. Wachoraji wengi kabla yake waliweka mwanakondoo wa Pasaka kwenye karamu hiyo. Wasomi wengi wanaisoma sahani tupu kama jibu katika ubishi wa wakati ule, kama misa ni dhabihu inayotolewa upya au ni mkate na divai ya ukumbusho na ushirika kwa waumini wote. Kumbe hata kitu kisichokuwapo kinaweza kuwa alama, mradi mtazamaji anajua kilipaswa kukaa wapi.

Kwa msikilizaji anayetaka kuziona, nakala za michongo hii zipo katika makumbusho kama Albertina mjini Vienna, British Museum mjini London na Metropolitan mjini New York, na makumbusho hayo yameweka picha zake kwenye intaneti, ambako simu ya mkononi inatosha kuzikuza hadi mstari mmoja mmoja uonekane. Walimu wa dini, makatekista na walimu wa sanaa mnaombwa mzifungue mbele ya wanafunzi wenu, na kabla ya kuwaeleza lolote, muwaulize kwanza ni nini kimekaa karibu na nini.